Safari ya Lamu na Haki ya Mama Kupumzika

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetutandikia bara na kututiishia bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.



Kila likizo ya shule inapokaribia, swali moja huja kwangu kwa njia nyingi: mara baada ya darsa, mara kwa simu, mara kwa karatasi iliyokunjwa na kutumwa na mtoto. Kikundi cha akina mama wa hapa kwetu Bamburi, wanaochangiana pesa kila mwezi, wamekusudia kwenda Lamu kwa siku tatu, wao kwa wao, bila ya waume wala watoto. Baadhi ya waume wameridhia, na baadhi wamenuna. Je, sharia yasemaje?

Nitaanza na fiqhi, kwa kuwa ndilo lililoulizwa. Qauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i ni kwamba katika safari isiyokuwa ya faradhi, kama hii ya matembezi, mwanamke husafiri pamoja na mumewe au maharimu wake. Ile ruhusa ya kwenda pamoja na wanawake waaminifu wameitaja katika Hija ya faradhi. Wamo katika wanazuoni wa madhehebu walioipanua ruhusa hiyo ikafika safari nyengine, na Imamu Nawawi ameitaja kauli yao, lakini amebainisha kuwa wengi hawakuikubali. Kwa hivyo ushauri wangu kwa akina mama hao ni kwamba safari hii iwe ya familia, nao waende na watu wao.

Najua jawabu hili limewafurahisha waume walionuna. Wasubiri kidogo, kwani maneno hayajesha. Tabibu anayemkataza mgonjwa dawa isiyomfaa ana wajibu wa kumpa iliyo bora, wala hamwachi na maradhi yake. Nasi kabla ya kuwafungia akina mama mlango huu, yatupasa tuulize: ni kwa nini mwanamke mwenye mume mwema na watoto awapendao atamani kwenda kupumzika mahali ambapo wao hawapo?

Niliwauliza, na jawabu lao lilikuwa jepesi mno. Walisema kwamba wakisafiri na familia hawasafiri wao, bali jiko ndilo linalohamishwa.

Tazameni safari zetu zilivyo. Usiku wa kuamkia safari, mama yuko macho akichoma mahamri, akichemsha mayai, akikaanga kuku na kujaza chupa za chai. Yeye ndiye apangaye nguo za watoto, nepi, dawa ya homa na kofia ya mzee. Asubuhi ndani ya basi, mtoto anayetapika hutapika mapajani mwake. Mkifika Mokowe, yeye hushuka jeti na mtoto mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. Mkishaingia katika nyumba mliyoikodi Lamu, mabwana hujinyosha barazani wakipigwa na upepo, na kabla hata hajavua buibui, sauti huita ikiuliza chai iko wapi. Kwa siku zote hizo yeye huiona bahari kupitia dirisha la jikoni. Mkirudi Bamburi nyote mwasema mmechangamka, naye Jumatatu yuko mbele ya beseni akifua nguo zilizojaa mchanga na chumvi.

Enyi waume, linganisheni hali hiyo na namna Mola wetu alivyomfanyia msafiri. Adhuhuri, Alasiri na Isha, zenye rakaa nne, amezifanya mbili. Amemruhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Amemruhusu kufungua saumu ya Ramadhani na kuilipa siku nyengine. Sala ya Jumua imemwondokea. Apanguse juu ya khofu mbili kwa siku tatu na usiku wake, ambapo mkazi ana siku moja tu. Yote haya ni kwa kuwa safari ina uzito, na moja katika kaida tano kuu za fiqhi ni kwamba uzito huleta wepesi. Mwenyezi Mungu amempunguzia msafiri rakaa, nasi tumemwongezea mama masufuria. Jambo hili lina haya ndani yake.

Labda mtu atasema kwamba kumhudumia mume ndiyo desturi ya wanawake wa pwani, na atanitajia Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyemtungia bintiye utendi mnamo 1858, hali yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, na ndani yake akamhimiza kumtumikia na kumridhisha mumewe. Utendi huo ni johari ya lugha yetu, na kila binti anafaa kuusoma. Lakini msomaji mwadilifu aangalie umeandikwa na nani na kwa nani. Ni wasia wa mama kwa binti, na mama alimfunza binti wajibu wa binti. Hakuwa akiandika wajibu wa mume. Mume atakaye kujua wajibu wake ameandikiwa kwengine: katika mwenendo wa Mtume (S.A.W.), ambaye Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka akenda kusali.

Na safarini mwenendo wake ulikuwaje? Nitataja manne tu, na yote yamepokewa na wanahadithi.

La kwanza, katika safari moja aliwaamuru watu watangulie mbele, kisha akashindana mbio na Bi Aisha, na Bi Aisha akashinda. Baadaye katika safari nyengine wakashindana tena, na zamu hiyo akashinda yeye. Kiongozi wa umma alipata nafasi ya kucheza na mkewe njiani. Sisi twakosa hata nafasi ya kutembea naye mpaka Shela.

La pili, walipokuwa wakirejea kutoka Khaybar, Mtume (S.A.W.) alikaa chini kando ya ngamia na akaliweka goti lake ili Bi Safiyya (R.A.) alikanyage apate kupanda. Mume anayeruka ndani ya boti kwanza, kisha akamgeukia mkewe na kumhimiza afanye upesi, ajipime kwa goti hilo.

La tatu, mkufu wa Bi Aisha ulipopotea safarini, jeshi zima lilisimama kuutafuta, mahali pasipokuwa na maji. Watu walinung'unika, lakini safari ilisimama kwa ajili ya haja ya mwanamke mmoja. Na ilikuwa ni sababu hiyo iliyoteremshiwa hukumu ya tayammamu, ambayo umma wote wanufaika nayo hadi leo.

La nne, Anjasha alipokuwa akiwaimbia ngamia waliobeba wanawake, wakaenda mbio, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha aende polepole, akiwafananisha wanawake hao na vyombo vya kioo. Amiri wa safari anayemwona dereva akikimbiza basi, na ndani mna akina mama na watoto, asione haya kumwambia neno hilo la upole.

Ikiwa tumeyakubali haya, basi safari na tuipange upya. Nawausia mambo haya kabla ya kukatwa tikiti hata moja.

Chagueni amiri. Tumefundishwa kwamba watu watatu wakisafiri wamweke mmoja wao kuwa amiri. Kazi yake ni kuangalia wakati, kupatana bei, kuhesabu watoto wakati wa kupanda na kushuka, na kuwa wa mwisho kukaa. Aliyedhani uamiri ni kuletewa chai ya kwanza, na auwachie mwengine. Akina mama nao wawe na msemaji wao, ili haja zao za vyoo, za sala na za watoto zisikwame kwa sababu ya haya.

Chungeni Ijumaa. Wengi hupenda kuondoka Ijumaa ili siku ziongezeke. Katika madhehebu yetu, mwanamume aliyewajibikiwa na Jumua hafai kuanza safari baada ya alfajiri ya Ijumaa ila awe ataiwahi sala hiyo njiani, au awe atapata madhara kwa kuachwa na wenziwe. Basi ama ondokeni Alhamisi, ama Jumamosi baada ya Alfajiri, ama mjipange vyema mswali Malindi. Na kwa kuwa njia ya kwenda na kurudi hula siku mbili, chagueni mwisho wa wiki ambao Jumatatu yake ni sikukuu. Safari ya kukimbizana ni uchovu uliolipiwa nauli.

Zijueni sala zenu. Masafa ya kupunguza sala ni marhala mbili, nazo wanazuoni wa zama zetu wamezikadiria kuwa zaidi kidogo ya kilomita 80. Kutoka kwetu hadi Lamu, kupitia Mtwapa, Kilifi, Malindi, Garsen na Witu, ni zaidi ya kilomita 300, kwa hivyo hapana shaka ndani yake. Anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, hapunguzi. Wenye siku tatu wanapunguza muda wote. Lakini ukisali nyuma ya imamu mkazi katika misikiti ya Lamu, kamilisha rakaa nne pamoja naye. Na Magharibi ni tatu popote ulipo.

Changanyeni mkoba. Familia hazilingani kwa uwezo. Yuko wa kuweza kukodi chumba cha juu chenye roshani, na yuko mjane wa jirani ambaye nauli tu yamlemea. Watu wa kabila la Ash'ari, chakula kilipowapungukia safarini, walikuwa wakikusanya walicho nacho wote katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa sawa, na Mtume (S.A.W.) akawasifu akasema kuwa wao ni katika yeye, naye ni katika wao. Fanyeni mfuko mmoja wa chakula na boti, mwenye nacho azidishe kimya kimya, na pasiwe na mtoto wa kula mkate akimtazama mwenziwe akila kamba.

Liacheni jiko nyumbani. Huu ndio moyo wa maneno yangu. Pangeni tangu Bamburi kwamba chakula cha Lamu kitapikwa na watu wa Lamu. Wako huko mabingwa wa samaki, wa wali wa nazi na wa mkate wa mofa. Muajirini mpishi, mpatane ujira wazi, na mumlipe kwa wakati. Pesa hizo zitabaki katika nyumba za wenyeji, nao ni ndugu zetu. Ikiwa mfuko haukutosha, basi wapike na kuosha wanaume na vijana kwa zamu. Mvulana wa miaka kumi na miwili anayeweza kukimbiza mpira ufukoni kutwa nzima anaweza kuosha masinia mawili.

Mpeni mama saa zake. Kila siku baada ya Alasiri, kina baba wawachukue watoto. Yako mengi ya kuwaonyesha. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Waonyesheni Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, na Msikiti wa Pwani unaonasibishwa na mwaka 1370. Wapelekeni Riyadha, muwasimulie Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akiwa kijana, akafungua darsa zake hata kwa wale ambao jamii ya wakati ule iliwadharau, wakiwemo waliotoka utumwani na watoto wao. Waacheni wapishane na punda katika vichochoro, wajifunze kumpisha mnyama aliyebeba mzigo. Wakati huo mama alale, au asome, au akae na wenziwe wacheke bila ya mtu kumwita. Kile walichokitaka akina mama wa kikundi, yaani kuwa pamoja na wenzao kwa utulivu, kitapatikana ndani ya safari hiyo hiyo, na maharimu wao wako karibu.

Lindeni sitara. Wanawake wakienda kuogelea, watafutiwe mahali pa faragha na wakati wake, na simu zikae mfukoni. Picha ya mke wa mwenzako ikishaingia katika kundi la WhatsApp, hujui itafika kwa nani. Na tuwe na hishima na mji wenyewe: Lamu ni mji wa wenyewe, una wazee na misikiti yake, nasi ni wageni. Maji nayo tuyahifadhi, kwani maji matamu ya kisiwa hutegemea mvua inayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Tusiyachezee kama kwamba tuna mto uani.

La mwisho, na ni zito kuliko yote: bahari. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa na mtu uchungu wake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafariki. Umbali ulikuwa mfupi, na ndiyo maana nakutajieni, kwa kuwa kutoka Mokowe hadi Lamu nako ni kufupi, na ufupi huo ndio humfanya mtu akadharau. Pasipakiwe watu kupita kiasi cha boti. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, na watoto wawe na yao yaliyowatosha. Mama avae lake juu ya buibui, wala asiambiwe kuwa ni aibu. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia, na vazi la sitara halipingani nalo. Nahodha akisema bahari ya kusi leo imechafuka, tusimshindanishe. Na amiri aseme hapana mbele ya boti iliyojaa, hata kama wenziwe watamwita mwoga.

Wala asije mtu akasema kwamba bahari na visiwa si mambo ya wanawake. Umm Haram binti Milhan (R.A.) alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuhusu watu wa umma wake watakaopanda bahari, akamwomba amwombee awe miongoni mwao, naye akamwombea. Miaka ikapita, na katika zama za Sayyidna Uthman akapanda jahazi pamoja na mumewe, Ubada bin Samit, wakaenda kisiwa cha Kupro. Huko alianguka kutoka juu ya mnyama wake akafariki, na kaburi lake liko kisiwani humo mpaka leo. Alitamani bahari, akaombewa, na mumewe akawa pamoja naye. Hakuna aliyemwambia kwamba nafasi yake ni jikoni tu.

Basi ewe mume uliyenuna, una hoja katika fiqhi, na nimekupa. Lakini hoja hiyo ina deni. Ukisema mkeo asende ila pamoja nawe, basi umejifunga kwamba akienda pamoja nawe atapumzika. Ukimzuilia safari ya wenziwe, kisha ukampeleka Lamu akakupikie huko, umeichukua haki yako ukaiacha haki yake, na mizani ya Mwenyezi Mungu haiinami upande mmoja.

Nawe dada yangu katika imani, usione haya kumwambia mumeo kwa maneno mazuri kwamba umechoka. Kuchoka si ukosefu wa shukrani. Mwambie kabla ya safari, si baada yake, na mkubaliane nani atabeba nini.

Mkishapanda chombo, msisahau dua ya safari, nyote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Tumefunzwa kwamba dua ya msafiri haikataliwi. Waombeeni wazazi wenu, na muwaombee ndugu zetu wa Lamu amani katika njia zao na riziki katika bahari yao.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu ziwe za kheri, atukinge na mashaka ya njia, na aturudishe majumbani mwetu, sisi na akina mama zetu, hali nyote mmepumzika.

Wabillahi tawfiq.